Hoteli nafuu London: anza na reli, ndipo utafute chumba

Wengi wetu tunaoishi Leeds, Birmingham au Cardiff hatuendi London kutalii. Tunaenda kwa sababu pasipoti inakaribia kwisha na alama za vidole hazitumwi kwa posta, au kwa sababu mama anatua Heathrow alfajiri na haiwezekani aachwe ahangaike peke yake. Miadi ni saa nne asubuhi, watoto wamo kwenye msafara, basi la usiku litawachosha. Inabidi kulala. Mtu anafungua simu, anaandika jina la mtaa wa ubalozi, anaona bei ya usiku mmoja na kukata tamaa.

Tatizo ni kutafuta kwa jina la mtaa. Ubalozi wa Kenya uko Portland Place, wa Tanzania uko Stratford Place, wa Uganda uko Trafalgar Square. Yote ni maeneo ya katikati ya jiji, na vyumba vya hapo vinauzwa kwa watu ambao gharama zao zinalipwa na kampuni. Usishindane nao. Tafuta stesheni yenye treni ya moja kwa moja, kisha hoteli iliyo karibu na stesheni hiyo.

Mimi huanza na reli ya Elizabeth, iliyofunguliwa Mei 2022. Magharibi inatoka Heathrow na Reading, inapita katikati ya London, na mashariki inaishia Shenfield na Abbey Wood. Ukishuka Bond Street, Stratford Place iko jirani kabisa, na Portland Place unafika kwa miguu. Kwa hiyo angalia Ealing Broadway, Ilford, Woolwich, Abbey Wood, hata Slough. Ukilala Stratford ya mashariki, treni hadi Bond Street ni kama robo saa. Ila tafadhali usichanganye: Stratford hiyo na Stratford Place ya ubalozi ni sehemu mbili zilizo mbali, na asubuhi ya miadi si wakati wa kugundua hilo.

Faida nyingine ya reli hii ni kwamba stesheni zake zote zina njia isiyo na ngazi kutoka barabarani hadi jukwaani. Ukiwa na mzazi mwenye magoti mabovu, kigari cha mtoto na masanduku mawili ya kilo 23, utaelewa thamani yake.

Nauli iingize kwenye hesabu tangu mwanzo. Lipa kwa kugusisha kadi ya benki au simu, na utumie ileile kutwa nzima, maana kuna kikomo cha siku ambacho ukikifikia hukatwi zaidi. Kila mtu mzima aguse kadi yake. Saa za nauli ya juu ni saa 12:30 hadi 3:30 asubuhi na saa 10 hadi 1 jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Miadi ya saa tano inakuepusha na bei hiyo na msongamano wake. Kutoka Heathrow, Heathrow Express ni ya haraka lakini nauli yake ni kubwa ukiilinganisha na reli ya Elizabeth. Reli ya chini ya ardhi ya Piccadilly ni nafuu zaidi, ingawa inakwenda polepole.

Siku nazo zina bei zake. Hoteli za eneo la City, yaani karibu na Bank na Liverpool Street, pamoja na zile za Canary Wharf, hujaa wafanyakazi katikati ya wiki na kushusha bei wikendi. Ukiachiwa kuchagua siku ya miadi, chagua Jumatatu, kwa sababu usiku wa Jumapili mara nyingi ndio wenye bei ya chini. Ila kagua ratiba kwanza: wikendi ndipo reli hufungwa kwa matengenezo. Hoteli za karibu na ukumbi wa ExCeL na uwanja wa Wembley hupandisha bei kukiwa na maonyesho au tamasha.

Kwa familia, hoteli za kawaida kama Premier Inn na Travelodge zina vyumba vya watu wazima wawili na watoto wawili. Bei ya chini kabisa kwa kawaida hairudishwi ukighairi. Kwa safari ya ubalozi mimi ningeongeza pauni chache nipate nafasi ninayoweza kuibadilisha, kwa kuwa miadi huahirishwa. Weka nafasi mapema. Bei ya Uingereza unayoonyeshwa tayari ina kodi ya VAT ya 20%, lakini kifungua kinywa na maegesho huenda vikawa pembeni.

Kuanzia Julai hadi Septemba kuna njia ambayo wengi wetu hatuitumii: mabweni ya vyuo. LSE na Imperial hukodisha vyumba vya wanafunzi wakati wa likizo, tena katikati ya jiji. Kitanda ni chembamba na huenda bafu likawa la pamoja, lakini kwa mtu mmoja au wawili ni nafuu ya kweli.

Kuwa makini zaidi na nyumba ndogo za wageni, kama zile zilizozunguka Argyle Square pale King's Cross. Ni majengo ya zamani: ngazi nyembamba zenye zulia, kona kali, na chumba cha bei ya chini mara nyingi ni cha juu kabisa. Kabla ya kulipa, piga simu uulize mambo matatu: kuna lifti, choo kimo ndani, dirisha lipo? Vyumba visivyo na dirisha vinauzwa London, na habari hiyo huandikwa kwa herufi ndogo.

Nyumba za kupanga kwa siku chache zinafaa familia ikikaa siku nne au tano. Kwa usiku mmoja, ada ya usafi inaondoa unafuu wote. Mwenye nyumba akikuambia umtumie hela benki nje ya programu ya simu uliyoipatia nyumba, achana naye hata kama ni Mswahili mwenzako mwenye maneno mazuri.

Siku ya kuondoka, omba masanduku yabaki mapokezi hadi mrudi kutoka ubalozini. Swali hilo liulize siku unapoweka nafasi, kwa sababu si kila hoteli hukubali.