Kusimama uwanjani bila kuumizana: vipi utenge eneo salama la mashabiki kwenye uwanja wenu

Jamani kila ikikaribia Mapinduzi Cup na fainali zetu za mtaani linarudi lile lile suala, viwanja viwe vya viti tu au watu waachiwe wasimame. Mie nasema watu wasimame, ila wasimame pahala palipotengenezwa kwa kusimama, sio pahala palipobakia tu baada ya viti kujaa. Hapa naeleza namna ya kupatengeneza, kwa wenzangu wa kamati za timu, vijana wanaoshika mageti, na hata sheha ambae uwanja uko kwenye shehia yake, maana siku likitokea la kutokea ataulizwa na yeye.

Mie mwenyewe nimejifunza kwa ubaya. Kulikuwa na fainali ya mtaani huku Pemba, uwanja siutaji, mie nilikuwa mmoja wa vijana wa kamati tuliovaa vitambaa mkononi, tumezungusha boriti za mikandaa na kamba ya nailoni tukaona tumemaliza kazi. Goli likaingia dakika za mwisho, watu wa nyuma wakasukuma wapate kuona, boriti zikakatika kama vijiti, mtoto wa miaka tisa hivi alokuwa amekaa mbele akaangukiwa na watu wazima, akavunjika mtulinga. Alipona alhamdulillah. Lakini mpaka leo nikisikia shangwe la goli mimi naangalia kwanza wale watoto wa mbele ndo naangalia mpira.

Kwanza tulitoe hili la kwamba kusimama ndiko kunakoua. Wengi wanaosema viti tu hoja yao ni Hillsborough, Sheffield kule Uingereza, 15 Aprili 1989, nusu fainali ya FA Cup Liverpool na Nottingham Forest, walifariki mashabiki 97 wa Liverpool. Sasa litazameni lilivyokuwa. Watu walirundikana nje kwenye mageti machache, polisi wakaamuru geti la kutokea lifunguliwe kupunguza msongamano wa nje, watu wakaingia na kufuata njia ya chini iliyokuwa mbele yao mpaka kwenye vizimba viwili vya katikati ambavyo vilishajaa, na vizimba vya pembeni vina nafasi tele, lakini hapana mtu alosimama pale njiani kuwaambia piteni kushoto piteni kulia. Mbele uzio wa chuma, nyuma watu wanazidi kuingia. Mpira ulianza saa 9, refa akausimamisha saa 9 na dakika 6, ilikuwa kumeshachelewa. Uchunguzi wa vifo uliomalizika 2016 ukasema waliuliwa kinyume cha sheria na mashabiki hawakuwa na kosa. Jaji Taylor, aliechunguza maafa hayo mwanzo kabisa, ndie aliependekeza viti, na kufika 1994 timu za madaraja mawili ya juu kule zikatakiwa ziwe na viti tu, lakini hata yeye kwenye ripoti yake alisema kusimama kwenyewe sio hatari. Kilichoua ni watu wasiohesabiwa, waliingizwa wote pahala pamoja, hawana pa kutokea. Na hayo matatu viwanja vyetu vya udongo vyote vinayo.

Kwahivyo kazi inaanza na futi ya fundi, sio na kamba. Nendeni uwanjani siku hapana mechi mupime lile eneo munalotaka watu wasimame, urefu mara upana, mupate mita za mraba. Muongozo wanaotumia Waingereza unasema eneo zuri kabisa, la ngazi za saruji na vizuizi vya chuma madhubuti, lisizidi watu 47 kwa kila mita za mraba 10. Yani hata pahala penye kila kitu hamfiki watu watano kwa mita moja. Kwetu sie kwenye mteremko wa udongo usio na vizuizi mimi siruhusu zaidi ya wawili kwa mita. Tuseme eneo lenu lina urefu wa mita 20 na kina cha mita 4, hiyo ni 80, basi ni watu 160, wa 161 anapelekwa upande mwengine hata akiwa amekuja na tiketi yake mkononi. Najua 160 mutaiona ndogo, maana siku ya fainali pahala hapo mushazoea kuona watu mia nne, lakini wakishazidi watano kwenye mita moja mtu hajiamulii tena mguu wake uende wapi, na wakifika sita saba watu wanakwenda kama maji, wa nyuma akisukuma kidogo wa mbele anabanwa kifua. Wanaokufa kwenye msongamano wengi hawakanyagwi, wanakosa pumzi wakiwa wima.

Mukishapata idadi ligaweni eneo. Kila mtu anataka katikati, pale kwenye mstari wa kati au nyuma ya goli la timu yake, na mukiacha eneo moja refu bila kugawa watakwenda wote hapo na pembeni patabaki patupu. Wekeni vipande vya watu 150 hadi 200, kila kipande kiwe na mlango wake na mtu wake wa kuhesabu, kikijaa kinafungwa na yule kijana wa mlango anamuelekeza mtu kipande chengine kwa mkono na kwa sauti. Hilo ndilo lililokosekana Hillsborough pale mbele ya ile njia, mtu mmoja wa kusema hapa pamejaa.

Chini watu wanakosimama pia munapashughulikia. Mteremko wa udongo wakati wa vuli ni utelezi, mmoja akiteleza juu anashuka na kumi. Chongeni ngazi, wekeni mawe na saruji kwenye ukingo wa kila ngazi, hata tano tu zinatosha kwa kuanzia, na mtu akisimama ngazi ya juu anaona kupita kichwa cha wa chini yake, hana haja ya kusukuma. Halafu vizuizi: boriti ya mkandaa sahauni, kamba ndo kabisa. Tafuteni fundi wa kuchomea, paipu za chuma, kimo kama mita 1 na kidogo ili mtu mzima imfike kiunoni na sio kooni, nguzo zichimbiwe na kumiminiwa zege. Zikikauka vijana kumi wenye nguvu wazisukume kwa pamoja mara kadhaa, nguzo ikicheza tu irudiwe, na hata isipocheza bado muiteni injinia wa wilaya aitazame kabla ya watu kuingia, sie macho yetu hayatoshi kwa hilo. Vizuizi viwe katikati ya watu, sio mbele tu, maana kazi yake ni kulikata wimbi la watu kabla halijafika chini.

Mbele karibu na uwanja hapa ndo nawaomba sana. Musiweke ukuta au nondo bila ya milango, na milango isiwe na kufuli wakati wa mechi, SIKU ZOTE. Accra 9 Mei 2001 walikufa watu 126, polisi walipiga mabomu ya machozi, watu wakakimbilia kutoka wakakuta mageti yamefungwa. Malang, Indonesia, tarehe 1 Oktoba 2022, mabomu ya machozi tena na mageti ya kutokea yakawa hayapitiki, watu 135. Kijana anaeshika funguo anaogopa watu wasije wakaingia bure, basi awekwe mtu mlangoni, kufuli halina akili ya kufunguka lenyewe watu wakipiga kelele. Na mukikaa kikao na polisi kabla ya mechi hilo la mabomu ya machozi lisemeni wazi kwamba eneo la kusimama halipigwi bomu.

Hesabu ya milango ni nyepesi. Pahala tambarare mlango wa upana wa mita 1 unapitisha watu kama 82 kwa dakika, kwenye ngazi ni 66, na eneo zima linatakiwa liweze kumwagika nje ndani ya dakika 8 kwa ubaya kabisa. Mukiwa na watu 1,000 na mlango mmoja wa mita 1.2 munapitisha kama 98 kwa dakika, ni zaidi ya dakika 10, haitoshi. Wekeni milango miwili iwe dakika 5 na kidogo, wa tatu kabisa kwa sababu kwenye mmoja lazima siku ya fainali atatokea mtu na toroli lake la juisi ya miwa ameegesha hapo hapo. Muuza urojo, mihogo, juisi, vespa, pikipiki, wote wapewe pahala pao tokea asubuhi, mbali na milango.

Kuingia nako kwetu kuna jambo letu wenyewe. Mechi zetu zinaanza baada ya alasiri, watu wanatoka misikitini wanakuja wote kwa pamoja na kila mmoja anataka awe ndani kabla ya filimbi, pale getini ndo panapoanza kubanana, kabla hata ya kuingia. Geti moja zuri la kuzunguka halizidi watu 660 kwa saa, na sie tunakata tiketi kwa mkono, kwahivyo ni pungufu sana. Fungueni saa 8 mchana, wekeni mechi ya watoto ya kufungulia ili watu wawe na sababu ya kuja mapema, tiketi ziuzwe tokea jana yake dukani na sio dirishani pale pale. Na ikifika saa ya mechi foleni bado ndefu, chelewesheni mpira dakika kumi na tano, mutangaze, kuliko kufungua geti jengine kwa pupa bila kujua watu hao wanakwenda kuingia kipande kipi.

Vijana wa usalama mtu 1 kwa kila watu 250 ndo kiwango cha chini, wawape mgongo wachezaji, wawatazame mashabiki. Wafundisheni dalili: watu wameacha kupiga makofi kwa sababu mikono haipandi, vichwa vinakwenda na kurudi pamoja, watu wanajaribu kupanda juu ya wenzao au kurukia uwanjani. Ukiona hivyo usimrudishe mtu alieruka, muachie, na refa apewe ishara mulokubaliana nayo asimamishe mpira hapo hapo. Kipaza sauti cha mkononi kiwe karibu, betri zipimwe asubuhi. Na wewe shabiki ukijikuta umebanwa, mikono iweke kifuani kama bondia ili ubakishe nafasi ya kupumua, usishindane na wimbi, likipoa kidogo sogea ubavuni hatua moja moja.

Watoto, kina mama wanaotaka kukaa, wazee, na walemavu wa viti vya magurudumu, hao wapewe mabao na majamvi upande wao wenye mlango wao, wala wasiwekwe mbele ya waliosimama.

Kwa uwanja mkubwa kama Amaan, uliofunguliwa upya Disemba 2023 ukiwa wa watu 15,000 wote kwenye viti, sisemi ving'olewe. Nyuma ya goli moja viwekwe viti vya kukunjwa vyenye reli ya chuma kila safu, mtu anasimama na reli iko mbele yake, na ikija mechi inayotaka viti munavifungua. Kule ngoma inachezwa, tarumbeta zinapigwa, watu wanasimama tu hata leo, sasa wanasimama mbele ya kiti kinachowagonga magoti na wengine juu ya kiti. Ujerumani hawakuacha, Dortmund jukwaa lao la kusini linabeba kama watu 25,000 waliosimama na tiketi yake ni rahisi kuliko kukaa. Uingereza wenyewe waliopiga marufuku wameruhusu tena msimu wa 2022/23, kwa sharti la kiti kimoja mtu mmoja, na sharti hilo mie ningelishikilia hapa kwa meno, maana akitokea mtu akasema kwa vile wanasimama tuwabane tuuze tiketi mara mbili, basi bora vibaki viti.

Dakika ya 80 milango yote ya kutokea iwe wazi na kijana amesimama kando yake, na kila kipande kiandikwe daftarini waliingia wangapi na kilimalizika kutoka saa ngapi, daftari hilo ndo mutakalolishika fainali ijayo mukikaa kupanga.