Somo: Kumtafuta maskini wa kijijini Uingereza kwenye vitabu vya parokia (kabla ya 1834)

Swali la jinsi ya kumpata maskini wa zamani kwenye vitabu hivi limejibiwa mpaka mkono umechoka. Liko hapa, someni kwanza.

1. Jua parokia, siyo kijiji tu. Parokia moja inaweza kuwa na vijiji kadhaa.

2. Ulizia hifadhi ya nyaraka ya kaunti. Omba hesabu za wasimamizi wa maskini (watu wa parokia waliokusanya kodi na kuwagawia maskini), siyo daftari la ubatizo. Nenda na penseli. Kalamu ya wino hairuhusiwi.

3. Fedha: peni 12 ni shilingi, shilingi 20 ni pauni. Herufi d ni peni. Namba ni za Kirumi: ukiona xviijd soma peni 18, yaani shilingi 1 na peni 6. Ile j ya mwisho ni i tu.

4. Tarehe. Hapa ndipo wengi huharibu, nami nimo. Mpaka 1751 mwaka wa Uingereza ulianza Machi 25. Kwa hiyo Februari 1723 ya kitabuni ni Februari 1724 kwetu. Andika 1723/4 na usiisahihishe kimyakimya, maana kesho hutajua ni ipi ya kitabu na ipi yako. Halafu hesabu za wasimamizi hufungwa Pasaka, na Pasaka inahama. Kurasa za "mwaka 1740" zina miezi ya miaka miwili. Tena Septemba 1752 kalenda ilirukishwa: tarehe 2 ilifuatwa na 14. Anayepokea msaada kila wiki asipoonekana siku hizo hajafa.

5. Tafuta hati za haki ya makazi (yaani ni parokia ipi iliyowajibika kumsaidia mtu): mahojiano ya kiapo, vyeti, amri za kuhamishwa.

6. Sadaka za wosia ni vitabu vingine. Nyingi zilikuwa za maskini wasiopokea msaada wa kodi ya parokia, kwa hiyo jina likikosekana huku, tazama kule.

MASWALI

Mpitanjia: Mkuu, tupia orodha ya majina.
— Hatua ya 2.

Kijana_Juzi: Mama kazikwa Februari 1730, mwanawe kabatizwa Mei 1730 akiwa mchanga. Kitabu kimekosea!
— Hakijakosea. Mei hiyo imetangulia Februari hiyo. Hatua ya 4, taratibu.

Bi Mwanga: Samahani, kwa nini parokia imlipe mjane anayeishi parokia nyingine?
— Swali zuri, dada. Anayewajibika ni parokia yenye haki yake ya makazi, siyo anakolala. Haki hiyo ilitoka kwa mume au baba, kwa uanagenzi, kwa kuajiriwa mwaka mzima kabla ya kuoa au kuolewa, au kwa kupanga mahali pa pauni 10 kwa mwaka. Kumtumia shilingi chache mara nyingi kulikuwa nafuu kuliko kumrudisha. Mtoto wa nje ya ndoa alipata haki pale alipozaliwa. Ndiyo maana wajawazito wasio na mume walisukumwa mpakani haraka.

Bi Mwanga: Na herufi P waliyovaa maskini?
— Sheria ya 1697 kwa wanaopokea msaada wa parokia: kitambaa chekundu au cha buluu, bega la kulia, P na herufi ya kwanza ya parokia. Ilifutwa 1810.

Fundi: Msiache stakabadhi zilizofungwa kwa uzi. Viatu, shuka, jeneza, zote zina jina la aliyelipwa. Fundi viatu wa kijiji mara nyingi anapatikana humo tu.
— Kweli. Piga picha mgongo wa karatasi pia. Huko ndiko waliolipwa walikosaini.