Muuguzi wa afya kazini nchini Uganda: usajili na sifa za kukamilisha kabla ya kusaini mkataba

Muuguzi anayeajiriwa kwenye kliniki ya kiwanda cha saruji, shamba la maua karibu na Entebbe au kampuni ya mafuta huko Hoima mara nyingi hupewa barua yenye cheo cha "muuguzi wa afya kazini", yaani anayelinda afya ya wafanyakazi dhidi ya madhara ya kazi yao, na wengi huamini kwamba cheo hicho kimewaongezea sifa. Hakijaongeza chochote. Mwajiri hutoa cheo, lakini ruhusa ya kuuguza hutolewa na Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uganda chini ya Sheria ya Wauguzi na Wakunga ya mwaka 1996, na ujuzi wa afya kazini hupatikana kwa masomo yanayoweza kuonyeshwa kwa karatasi.

Anza na Baraza. Cheti cha usajili huonyesha kwamba jina lako limeingizwa kwenye daftari, ilhali leseni ya kufanya kazi ndiyo inayoonyesha kwamba leo unaruhusiwa kumhudumia mgonjwa, nayo ina tarehe ya kwisha. Andika tarehe hiyo kwenye kalenda na uanze kuihuisha leseni mapema. Kiwanda kikikwambia kwamba kimesajiliwa wizarani, elewa kuwa huo ni usajili wa mahali pa kazi chini ya Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006, inayosimamiwa na Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii; haukuhusu wewe binafsi.

Kisha weka karatasi zako zote mezani na usome majina herufi kwa herufi. Hapa ndipo watu wengi wanapokwama. Mwenzangu mmoja alikuwa na jina la ubatizo mbele kwenye cheti cha sekondari, jina la ukoo mbele kwenye diploma, na jina la mume kwenye kitambulisho cha taifa. Kila karatasi ilikuwa halali, lakini aliyezipokea alidhani ni za watu watatu. Ikiwa majina ni yale yale yaliyopangwa tofauti, kiapo cha maandishi mbele ya kamishna wa viapo huweza kueleza tofauti hiyo. Ikiwa umebadilisha jina lenyewe, fuata utaratibu wa kisheria wa kubadilisha jina. Fanya hivyo kabla hujaomba kazi, kwa maana mwajiri mwenye haraka hatakusubiri.

Ndugu zetu waliosomea uuguzi Kongo wana mzigo wa ziada. Diploma ya A1 au A2 inaeleweka Goma na Bukavu, lakini herufi hizo hazijielezi zenyewe Kampala: A2 ni ngazi ya sekondari, A1 ni ya baada ya sekondari, na tofauti hiyo hugusa daraja la usajili utakaloombea. Tafuta tafsiri rasmi kutoka Kifaransa, pamoja na orodha ya masomo, alama na muda wa mafunzo ya vitendo wodini. Usianze kazi kwa kutegemea ahadi kwamba usajili utafuata baadaye.

Kuhusu ujuzi wenyewe, kozi ya siku chache ya huduma ya kwanza ni ya manufaa, ila haimfanyi mtu kuwa mtaalamu wa afya kazini. Soma mkataba ukiwa na kalamu, na uweke alama kwenye kila kazi ambayo hukufundishwa. Chukua mfano wa shamba la maua. Mfanyakazi anayenyunyizia dawa za wadudu za jamii ya oganofosfeti anapaswa kupimwa kimeng'enya cha kolinesterasi katika damu, ambacho dawa hizo hukidhoofisha, kabla hajaanza kunyunyizia, kwa sababu kipimo cha baadaye hulinganishwa na kile cha mwanzo. Muuguzi asiyejua hilo atapokea namba kutoka maabara asijue kama mtu huyu anadhurika. Vivyo hivyo, kupima usikivu wa mtu aliyetoka moja kwa moja kwenye kelele za mashine kunaweza kutoa jibu la kupotosha. Omba mafunzo hayo yaandikwe kwenye mkataba, na ukimaliza kozi inayotambuliwa, liulize Baraza kwa maandishi jinsi ya kuingiza sifa hiyo ya ziada kwenye kumbukumbu zako.

Jambo moja la maadili liandikwe pia mkatabani: mwajiri ataelezwa kama mfanyakazi anafaa kwa kazi fulani na kwa masharti gani, lakini ugonjwa wake na majibu ya vipimo vyake hubaki siri. Meneja akidai faili, utakuwa na kifungu cha kumwonyesha.

Anayetaka kuhudumia viwanda kadhaa kwa kujitegemea ajue kwamba huduma binafsi ina leseni yake. Ile ya muuguzi aliyeajiriwa haitoshi. Na anayetazamia Uingereza aelewe kwamba huko kuna sehemu ya daftari kwa wauguzi na nyingine kwa wauguzi wabobezi wa afya ya jamii, ambamo afya kazini ni mojawapo ya fani. Miaka mingi kwenye kliniki ya kiwanda peke yake haikuingizi katika hiyo ya pili. Kwa hiyo, tangu sasa, kila unapohama kazi omba barua inayotaja majukumu uliyofanya, vipimo ulivyosimamia na tarehe zake, iliyosainiwa na kupigwa muhuri kabla hujaondoka.