Kuihamisha plagini ya safari za boti kutoka Android hadi iPhone

Plagini yangu, yaani kipande cha programu kinachoiunganisha apu na simu yenyewe, ilizaliwa kwenye Android kwa sababu manahodha niliowaandikia hapa Lamu wote walikuwa na simu za Android. Kazi yake ni moja: boti ikitoka gatini inaanza kuandika njia, mwendo na saa, hadi ifunge kamba huko iendako. Kisha mjomba wangu, nahodha wa njia ya Faza, akaletewa iPhone na mwanawe, na akataka apu ileile. Naeleza nilivyoihamisha, kwa yeyote mwenye plagini ya Flutter (zana ya kutengenezea apu moja ya Android na iPhone) inayokwenda upande mmoja tu.

Usianze na Swift, lugha ya programu ya upande wa iPhone. Chukua daftari, uandike kila ahadi ambayo plagini imeitoa kwa upande wa Dart, lugha ya Flutter: jina la kila amri, inapokea nini, inarudisha nini na kwa kipimo gani, na ikishindwa inasema nini. Kinachohamishwa ni daftari hilo. Ukifasiri Kotlin, lugha ya upande wa Android, mstari kwa mstari, utabeba tabia za Android ambazo iPhone haizijui.

Ukishamaliza, ingia kwenye folda ya plagini na uandike `flutter create --template=plugin --platforms=ios .` (ile nukta ya mwisho ni sehemu ya amri). Utapata folda ya ios. Fungua `pubspec.yaml` uitaje ios pamoja na jina la klasi yake, na jina la chaneli (njia ambayo Dart na simu hupitishiana amri) lifanane pande zote mbili herufi kwa herufi. Lisipofanana, Dart itakujibu `MissingPluginException`. Xcode, programu ya Apple ya kujengea apu za iPhone, haiendi ila kwenye Mac. Mimi niliazima ya rafiki yangu Malindi. Akaunti ya bure ya Apple inatosha kwa majaribio, ila apu uliyoiweka kwa akaunti hiyo huacha kufunguka baada ya siku 7, ukaiweka upya. Kuitoa dukani ni dola 99 kwa mwaka.

Ruhusa ya mahali iandikie sentensi kwenye `Info.plist`, faili la maelezo ya apu, chini ya `NSLocationWhenInUseUsageDescription`. Bila sentensi hiyo, iPhone haimuulizi mtu kitu, na wewe utakaa unasubiri jibu lisilokuja. Iandike kwa Kiswahili anachokielewa nahodha: "Tunataka kujua boti iko wapi ili tuandike njia ya safari yako."

Sasa vipimo, na hapa usiwe na haraka. Safari yangu ya kwanza ya majaribio ilihifadhiwa kwa tarehe 21 Januari 1970. Android hutoa wakati kwa milisekunde tangu mwaka 1970 uanze; kwenye Swift, `timeIntervalSince1970` hutoa sekunde. Zidisha kwa 1000 kabla ya kuupeleka Dart. Mwendo ni mita kwa sekunde pande zote mbili, lakini iPhone isipoujua hurudisha namba hasi, hali Android hurudisha 0. Boti iliyotia nanga na boti isiyojulikana mwendo wake si kitu kimoja, kwa hiyo niliamua pande zote mbili zirudishe null (yaani hakuna thamani) pale mwendo usipojulikana, na hilo likanilazimu nirekebishe Kotlin pia.

Kuna na muda wa kati ya nukta na nukta. Android unaiomba ikuletee mahali kila baada ya sekunde 10. iPhone haina ombi la namna hiyo. Ina `distanceFilter`, ambayo ni mita. Nilipokea nukta zote, kisha ndani ya Swift nikaziacha zile zilizofika kabla ya sekunde 10 kwisha.

Kilichonichosha zaidi ni kufungwa kwa skrini ya simu. Kwenye Android safari hubaki hai kwa huduma yenye arifa juu ya skrini. Kwenye iPhone unaitaja `location` chini ya `UIBackgroundModes`, kisha unaweka `allowsBackgroundLocationUpdates` iwe true. Ukiweka hiyo ya pili bila ya kwanza, apu inaanguka papo hapo. Nikafanya yote mawili, mjomba akaenda Faza na kurudi, akanionyesha ramani:

"Mwanangu, chombo changu kimepita juu ya mikoko?"

"Mjomba, mulisimama mahali?"

"Pale Mkanda, tukingoja maji yajae."

Kumbe iPhone ikiona chombo kimetulia hujisimamishia yenyewe kupokea mahali ili kuokoa betri, na haianzi tena hadi apu ifunguliwe. Mjomba alifungua simu Faza, na ramani ikaunga Mkanda na Faza kwa mstari mmoja ulionyooka. Dawa ni kuweka `pausesLocationUpdatesAutomatically` iwe false, na `activityType` iwe `.otherNavigation`, ambayo ndiyo ya vyombo visivyo magari. Pwani yetu chombo kungoja maji ni sehemu ya safari, kwa hiyo mistari hiyo miwili usiiache.

Angalia pia `accuracyAuthorization`. Tangu iOS 14, mtu anaweza kukupa mahali pa kukadiria tu, pengine kilomita kadhaa kutoka alipo, na kwetu hapa huko kunaweza kuwa kisiwa kingine. Plagini ikirudishiwa hilo, imwambie mtumiaji kabla ya kung'oa nanga.

Jaribu kwa boti, simu ikiwa imefungwa na iko mfukoni. Mimi nilikwenda Shela na kurudi mara tatu kabla ya kumpa mjomba tena.

Amri moja sikuihamisha: kitufe cha "Maliza safari" ndani ya arifa ya Android. Arifa ile ni ya huduma ya Android, na iPhone huonyesha alama yake yenyewe ya buluu juu ya skrini, ambayo huwezi kuitia kitufe. Upande wa Swift amri hiyo inarudisha `FlutterMethodNotImplemented`, Dart inaidaka, na kwenye maelezo ya plagini nimeandika wazi kwamba ni ya Android peke yake.