Kurina asali Dar es Salaam bila kuingiza unyevu

Asali hunyonya maji hewani, na hewa ya pwani ina maji mengi. Maji ndani ya asali yakizidi asilimia 20, asali huanza kuchacha: povu juu, harufu ya togwa, kifuniko cha ndoo kimevimba. Hapo hakuna duka litakalokupokea.

Mikorosho na miembe huchanua kiangazi, kwa hiyo kagua mizinga Septemba hadi Oktoba, kabla vuli haijakolea. Masika usirine. Mvua huwafungia nyuki ndani wakala akiba yao, hivyo waachie masega matatu hivi ya asali pamoja na yote yenye watoto na chavua. Ukikomba kila kitu kundi litahama, na nondo wa nta watakumalizia masega.

Jirani mwenye mikorosho anayepuliza dawa wakati wa maua, mwombe apulize jioni nyuki wakisharudi. Ongea naye mapema, mauaji ya mchana mmoja hayarudishiki.

Rina jioni. Kwenye bomba la moshi la kutuliza nyuki weka makumbi makavu ya nazi, kamwe si mpira wala plastiki, na puliza kidogo tu, maana asali hushika harufu ya moshi. Chukua sega lililozibwa kwa nta angalau robo tatu. Lenye vijitundu wazi vinavyong'aa maji ni bichi, lirudishe. La mzinga wa vijiti, ambamo masega huning'inia kwenye vijiti vilivyopangwa juu, lishike wima muda wote: kwa joto letu nta ni laini, ukililaza linakatika na kuangukia nyuki.

Kamua siku hiyohiyo, chumba kimefungwa, vyombo vikavu kabisa. Chuja, funika, iache itulie siku mbili au tatu, kisha engua povu. Usiichemshe ili kukausha maji. Utaiunguza na kuua ladha.

Uza kwa mizani. Lita moja ya asali ina takribani kilo 1.4, kwa hiyo ndoo ya lita 20 ni kama kilo 28. Anayekuhesabia kilo 20 anakupunja kilo nane.

Masega yaliyokamuliwa yeyusha kwenye maji ya moto, chuja kwa kitambaa, acha nta igande juu. Bakiza kipande cha kupaka vijiti vya mzinga mtupu. Harufu yake huvuta kundi jipya.