Chensoo ya Kupasulia Mbao Nyumbani: Soma cc, Achana na Stika

Hapa Njombe kila mwenye kashamba ka miti ananiuliza: "Fundi, ninunue chensoo gani nipasue mbao zangu mwenyewe?" Nami namuuliza kwanza miti iko wapi, na gogo lake nene kuliko yote lina upana gani. Kama una ekari ya mipaini iliyonyooka na gari linafika, usinunue kitu. Ita watu wa dingidongi, ile mashine ya kupasua mbao inayohamishwa, wapasue, uwalipe, waondoke. Chensoo ni ya mlingoti (mkaratusi) ulioko chini bondeni, ya mgrivelia ulioanguka nyuma ya jiko, ya gogo ambalo watu wanane hawalibingirishi.

Ukishaona kweli unaihitaji, ujue kuangusha mti na kupasua mbao ni kazi mbili tofauti. Kuangusha ni dakika moja au mbili, halafu injini inapumzika wakati unapogoa matawi. Kupasua ni kubana mafuta mpaka mwisho, yaani triga imeshikiliwa yote, dakika tano, dakika kumi, baa (ule ulimi wa chuma unaobeba cheni) imezama yote ndani ya mti na kila jino linavuta. Mashine ndogo ikipelekwa hivyo haikatai siku ya kwanza. Inachemka kimyakimya, na baada ya muda pistoni inakwaruzika.

Kwa hiyo angalia ukubwa wa injini, ndizo hizo cc. Chini ya cc 50, sahau, hiyo ni ya kuni na matawi. Cc 60 hadi 70 inapasua paini ya inchi 12 ukiwa na subira. Kwangu mimi kazi inaanzia cc 70: Husqvarna 372 XP ina 70.7, Stihl MS 382 ina 72.2. Gogo la inchi 20 na zaidi, hasa mlingoti mkavu, linataka cc 90 na kitu, kama Stihl MS 661 au Husqvarna 395 XP. Zile za cc 120, MS 880 na 3120 XP, ni za magogo ya kutisha. Ni nzito, na kwa mtu anayejenga nyumba moja naona ni kujitesa.

Sasa stika. Dukani utakuta kimashine kimeandikwa "cc 58, hosipawa 9", bei ya kuvutia kweli. Fanya hesabu. Stihl MS 660, yenye cc karibu 92, inatoa kilowati 5.2, yaani kama hosipawa 7. Hicho kidogo kitazipata wapi 9? Hata hizo cc zenyewe zinapimika. Muulize muuzaji kipenyo cha pistoni na mwendo wake, yaani urefu inaopanda na kushuka, kwa sentimita. Zidisha kipenyo kwa kipenyo, zidisha kwa 0.785, kisha zidisha kwa mwendo. Pistoni ya 4.52 yenye mwendo wa 3.4 inakupa cc 54 na nusu, haifiki 58. Muuzaji asiyejua vipimo hivyo, mimi simwachii hela yangu.

Jambo ambalo wauzaji wa Dar hawakwambii ni mwinuko. Njombe tuko karibu mita 2,000 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, na injini inapoteza kama moja ya tano ya nguvu yake. Cc 70 huku inafanya kazi ya cc 56 za pwani, ndiyo maana nasema panda ngazi moja juu ya ile uliyopanga. Halafu kabureta. Mashine iliyorekebishwa Dar ikifika huku inazidisha petroli, inatoa moshi, inakuwa nzito. Fundi anabana kidogo skrubu ya H, ile inayopima petroli ya kasi kubwa, inachangamka. Hatari iko kinyume chake: ukiichukua hiyo iliyobanwa ukashuka nayo Ifakara bila kuifungua skrubu, inakosa petroli, na pamoja na petroli inakosa oili iliyochanganywa humo. Itaunguza pistoni huku ikilia vizuri tu. Sikiliza sauti: ukibana mafuta bila kugusa mti, inatakiwa ikohoekohoe kidogo, ikiingia kwenye gogo, sauti inanyooka. Ikilia kwa ukali mkavu hata nje ya mti, zima. Mashine mpya zinazojirekebisha zenyewe hazina usumbufu huu, ila ziko ghali.

Baa usinunue ndefu kwa sifa. Fremu ya kupasulia, ile inayofungwa kwenye baa ili mbao itoke imenyooka, inakula kama inchi 4 za urefu, hivyo baa ya inchi 24 inakupa gogo la inchi 20. Baa ndefu kwenye injini ndogo ni mateso tu. Cheni inolewe upya kwa ajili ya kupasua: meno ya kawaida yana pembe ya nyuzi 30, wewe yashushe hadi 10 hivi kwa tupa ya duara. Mbao inatoka laini zaidi na mashine haivutwi upande. Na kumbuka cheni ya saizi ya 3/8 inakula karibu milimita 8 kila mpasuo. Ukipasua mbao za inchi moja, kila mipasuo mitatu umegeuza karibu mbao nzima kuwa vumbi. Pasua boriti na za inchi mbili. Za inchi moja kanunue.

Ukinunua iliyotumika, ikiwa imezimwa, ishike kwa kamba ya kuwashia uiache ining'inie. Ikishuka kwa kusitasita, kompresheni (mgandamizo wa injini) ipo. Ikiporomoka moja kwa moja, mrudishie mwenyewe. Ukipata nafasi fungua egzosi uangalie pistoni: ing'ae bila mikwaruzo ya wima. Kisha iwashe, elekeza ncha ya baa kwenye kisiki, bana mafuta. Mstari wa oili ya cheni utokee kwenye kisiki, usipotokea hiyo pampu ni mgonjwa. Oili chafu ya gari usiitie kwenye tangi la oili ya cheni, ina chembe za chuma.

Petroli ichanganywe na oili ya tustroki, mililita 100 kwa lita 5, usitumie ile ya bodaboda. Ukimaliza mpasuo iache iungurume taratibu dakika moja ndipo uizime. Ziba masikio, vaa miwani na barakoa, kwa sababu ukipasua unainamia moshi muda wote.

Kabla ya kuangusha chochote, pitia kwa afisa misitu wa wilaya au TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) uulize vibali, hata kama mti ni wako. Na mbao ukitaka kuzipeleka Makambako, njiani utaulizwa TP, yaani kibali cha kusafirishia mazao ya misitu.