Mlo wa Mzee Asiyumbe: Anza na Kifungua Kinywa

Mzee akianza kushika ukuta kila anapoinuka, wengi hukimbilia kununua mkongojo. Mnunulie, lakini tazama na sahani yake. Mtu anapojikwaa, kinachomwokoa ni misuli ya mapaja na nyonga. Misuli hiyo hupungua mwaka hadi mwaka, na ikikosa protini huisha upesi zaidi.

Mzee anahitaji gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye kilo 60, basi, anahitaji gramu 60 hadi 72. Mgonjwa wa figo asipandishe kiasi chake kabla ya kuongea na daktari.

Nyumba nyingi hukosea kwenye mgawanyo: asubuhi chai ya rangi na andazi, mchana ugali na mchicha, kitoweo chote kinangoja usiku. Misuli ya mzee hainufaiki sana na protini kidogo kidogo. Lenga gramu 25 hivi katika kila mlo, mara tatu kwa siku.

Asubuhi mpikie uji. Koroga vijiko 3 vikubwa vya unga wa ulezi katika kikombe cha maji baridi hadi mabonge yaishe, ndipo ubandike. Uchemke dakika 10 huku ukikoroga, mimina robo lita ya maziwa, uchemke tena, epua. Hapo ndipo utie vijiko 2 vikubwa vya karanga zilizosagwa. Ukizitia mapema hushika chini ya sufuria na kuungua. Karanga zenye ukungu au uchungu zitupe, maana sumukuvu haiondoki kwa kupikwa. Ongeza yai moja la kuchemsha, na gramu 24 zimetimia.

Mchana, kikombe kimoja cha maharage yaliyoiva kina gramu 15 hivi. Ugali na glasi ya mtindi vitajazia.

Usiku dagaa wakavu, gramu 30 (konzi moja hivi), wana gramu 18 za protini. Wachambue, uwaoshe kwa maji ya vuguvugu mara tatu kuondoa mchanga na chumvi, hasa kama mzee ana presha. Ambaye meno yamemwisha usimnyime: wakaange bila mafuta hadi wavunjike kwa vidole, watwange, chekecha, kisha tia unga huo katika mchuzi mzito wa nyanya. Vimiba vikishatwangwa humpa kalsiamu ya mifupa, usivitoe.

Chai isiende pamoja na chakula, kwa kuwa huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo kwenye maharage na mboga. Angoje saa moja.

Mzee akisema nyayo zina ganzi, au kwamba anahisi kama anakanyaga pamba, usilichukulie kuwa ni uzee tu. Inaweza kuwa upungufu wa vitamini B12, ambayo kwa asili hupatikana kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa. Waliotumia metformin, dawa ya kisukari, kwa miaka mingi wamo hatarini zaidi. Apelekwe akapimwe damu; dawa asiiache kwa uamuzi wake.

Kiu nayo hupungua uzeeni, hivyo usingoje aombe maji. Mwanamke anywe angalau lita 1.6 kwa siku na mwanaume lita 2, ukihesabu chai, uji mwepesi na maziwa, isipokuwa daktari amempunguzia kwa sababu ya moyo au figo. Sehemu kubwa anywe kabla ya magharibi. Safari za chooni gizani huangusha wazee wengi.

Kuna jambo ambalo familia nyingi hazilijui: baada ya mlo mzito wa wanga, presha ya mzee inaweza kushuka na kumletea kizunguzungu, mara nyingi ndani ya saa mbili. Punguza bonge la ugali au wali, umpe glasi ya maji kabla ya kula, na akimaliza akae kwanza. Akitaka kuondoka mezani, achezeshe vifundo vya miguu, ainuke polepole, asimame ameshika meza hadi kichwa kitulie.

Protini peke yake haijengi mguu uliolala kutwa. Kila siku kabla ya mlo wa mchana, egemeza kiti imara ukutani, umsimamie kando, ainuke na kukaa mara 5 bila kujisukuma kwa mikono kama anaweza. Akishindwa, ashike kiti, na ajaribu tena kesho.